Magimbi kwa watoto wa mjini: anzia mkononi, mdomo utafuata

Hapa Dar nawafahamu watoto wengi tu wako darasa la pili, la tatu, wanaijua pizza vizuri kabisa na wanajua na bei yake, ila ukimwekea kipande cha gimbi kwenye sahani anakuuliza mama hiki nini. Na siwalaumu hata kidogo, gimbi wangelizoea wapi jamani? Chakula cha kila siku mjini ni wali, ugali, chipsi, tambi na mkate, gimbi lenyewe nyumba nyingi linaonekana mwezi wa Ramadhani kwenye futari tu, ukiisha mwezi mpaka mwakani. Sasa kwa mtoto wa miaka minne mwaka mmoja ni muda mrefu mno, kila Ramadhani ikija anakutana nalo upya kabisa na analikataa upya kabisa, alafu sisi wakubwa tunahitimisha kwamba huyu mtoto hapendi magimbi.

Mi mwenyewe nimekulia Morogoro upande wa milima ya Uluguru, kule magimbi yanaota mabondeni, pembeni ya vijito, pale pale kwenye unyevu, na asubuhi ya kwetu ilikuwa chai ya rangi na gimbi la kuchemsha, huo mkate tuliujulia ukubwani. Mume wangu kwao Pemba, wao wanasema majimbi na wanayapika na nazi mpaka mchuzi unakuwa mzito wa kulamba kidole. Kwa hiyo wanangu watatu wana magimbi kwa mama na kwa baba, na niliapa hawatakua bila kuyajua. Wa kwanza ana miaka kumi, wa kati sita, kitinda mimba ana minne, na leo hii wote wanakula, kila mmoja na namna yake, kwa hiyo naandika kitu ninachokifanya jikoni kwangu na ninakiamini kwa moyo wote.

Kitu chenyewe ni hiki, mtoto akikataa gimbi mara nyingi sana hajakataa ladha. Ladha ya gimbi ni ya upole, ina utamu wa mbali, haina uchungu wa mnafu wala ukali wowote. Anachokataa ni jinsi linavyohisi mdomoni, ule utelezi wa nje na ule mnato wa ndani, na rangi yake, maana limeingia kwenye sufuria jeupe limetoka na ukijivu, mengine yanatoka na kazambarau fulani hivi, na mtoto akili yake inamwambia chakula kikibadilika rangi kina kasoro. Na zaidi ya yote hayo kuna kuwasha. Mtoto akionja gimbi likamuwasha koo siku ya kwanza, hapo umepoteza, atalikumbuka mwaka mzima, na wala hadeki, kawashwa kweli.

Hili la kuwasha tuliongee vizuri maana ndo mzizi wa mambo yote. Ndani ya gimbi bichi, na kwenye majani yake na mashina, kuna fuwele za kalsiamu oksaleti, zina umbo la sindano, ndogo ambazo jicho halizioni. Ukilimenya likiwa bichi zinakuchoma ngozi ya mikono, ukilila halijaiva sawasawa zinakuchoma ulimi, midomo na koo. Ndo maana gimbi haliliwi bichi kabisa, hata kipande cha kuonja, na mtoto mdogo anayezunguka miguuni jikoni usimwache acheze na maganda mabichi alafu apeleke vidole mdomoni. Kuna aina zinawasha sana na kuna zinazowasha kidogo, na kwa macho sokoni huwezi kuzitofautisha kirahisi, muulize mama anayekuuzia, muuzaji wa kila siku anajua mzigo wake umetoka wapi na unawasha au hauwashi.

Ukichagua, shika lililo zito na gumu, bonyeza kote, likibonyea sehemu hata ndogo weka chini. Kwa ajili ya watoto mimi napenda vile vidogo vinavyoota ubavuni mwa gimbi mama, vinaiva haraka na vinaingia kwenye kiganja cha mtoto. Ukifika nyumbani usiyaweke kwenye friji, baridi inayaharibu, yaache kwenye kapu sehemu kavu yenye hewa, na usiyaweke siku nyingi. Ukimenya, menya likiwa kavu na mikono yako ikiwa mikavu au umejipaka mafuta ya kula, mikono mibichi ndo inawasha zaidi, ukimaliza kumenya ndo uoshe. Kuchemsha, maji mengi na chumvi, na yale maji ya kwanza mimi namwaga naweka mengine, likiwa limekatwa vipande inachukua kama nusu saa hivi, lakini usiangalie saa, choma na uma, uma ukiingia mpaka katikati bila kukwama hata kidogo ndo limeiva. Likiwa na kiini kigumu ndani rudisha kwenye moto, hata kama watoto wanalia njaa mpe kila mmoja ndizi asubirie. Sikubaliani na ile ya "si limeshalainika nje", hapo ndo watoto wanawashwa.

Sasa tuje kwenye kumkutanisha mtoto na gimbi. Watu wengi wanaanzia mezani, mtoto anatoka kucheza, ana njaa, anakuta kitu hajawahi kukiona kipo kwenye sahani yake na mama anamwambia kula. Hapo hata mtu mzima angesita. Mimi naanzia sokoni. Nawachukua Jumamosi asubuhi twende Ilala au Buguruni, mmoja anashika kikapu, mwingine namwambia chagua fungu unalolitaka wewe, na anachagua kweli, analigeuza, analinusa, anauliza kwa nini lina manyoya, mbona lina udongo, mbona lina mistari ya kuzunguka. Hivyo vimistari ni makovu ya majani yaliyoshadondoka, kila mstari jani lilikuwepo pale, ukimwambia hivyo atakaa anahesabu mpaka mnafika nyumbani. Hapo hajala kitu lakini ameshalishika, amelinusa na ameshalipa jina, gimbi langu.

Alafu mara ya kwanza kabisa usimenye. Osha vizuri na burashi udongo utoke, chemsha na maganda yake mpaka yaive kabisa, hapa inachukua muda zaidi, epua, mwaga maji, acha yapoe mpaka mkono wa mtoto uyaweze. Weka kwenye sinia katikati ya mkeka na kabakuli ka chumvi. Ganda la gimbi dogo lililoiva linatoka kwa kubana tu na dole gumba, lile la kahawia linateleza pembeni na gimbi linachomoka jeupe na mvuke bado unatoka. Watoto wanaipenda hii kazi sijui niwaelezeje, wanashindana nani katoa ganda zima bila kukatika. Na kwa sababu limeiva halimchomi mikono tena. Wa kati wangu siku ya kwanza alimenya, akaligeuza geuza, akasema "Mama, linateleza kama sabuni." Nikamwambia ni kweli linateleza, lifute na leso alafu ligandishe chumvi uone. Akafuta, akachovya, akagusa na ncha ya ulimi, akaliweka chini, akaendelea kumenya ya wenzake. Hakula. Na mimi sikusema neno maana hiyo kugusa na ulimi tayari ni hatua kubwa.

Watu wanaosomea mambo ya watoto na chakula wanasema umri wa kuanzia miaka miwili mpaka sita ndo mtoto anaogopa chakula kigeni kuliko umri mwingine wowote, na kwamba anaweza kuhitaji kukutana na chakula kile kile mara nane, kumi, hata kumi na tano ndo akubali kukila. Mara kumi na tano! Sasa niambie mtoto anayelikuta gimbi kwenye futari tu atazifikishaje, na hata hizo siku za futari wakubwa wanawahi sufuria. Ndo maana nasema tuyatoe magimbi Ramadhani tuyalete na Jumanne ya kawaida, kipande kimoja kidogo pembeni ya chakula anachokipenda, bila kulitangaza. Wali maharage na kipande cha gimbi. Chai, mayai na kipande cha gimbi. Likibaki kwenye sahani linabaki, unaondoa sahani unaosha, wiki ijayo unaweka tena.

Kuna mtaalamu wa lishe wa Marekani anaitwa Ellyn Satter ana mgawanyo wa majukumu ambao mimi nauona umekaa sawa kabisa, mzazi kazi yake ni kuamua kitaliwa nini, saa ngapi na wapi, mtoto kazi yake ni kuamua atakula au hatakula na atakula kiasi gani. Basi. Mimi nikishaweka chakula kizuri kimeiva na mezani kuna kitu kimojawapo anachokijua, kazi yangu imeisha. Simwambii maliza gimbi ndo upate juisi, maana ukimwambia hivyo umeshamfundisha kwamba gimbi ni adhabu na juisi ndo zawadi.

Najua nyumbani kwetu sisi hatuishi na vitabu tu, tunaishi na watu. Ramadhani moja tumekaa kwenye futari, kitinda mimba kasukuma bakuli lake, wifi yangu akasema "Wifi, hawa umewadekeza, mnyime vingine vyote atakula tu." Nikamjibu kwa heshima, "Wifi atakula kweli, ila atakula njaa yake, gimbi lenyewe hatalipenda." Kidogo mabishano yapande, mama mkwe akakata, "Muacheni mjukuu wangu, majimbi yapo, hayendi pahala." Akachukua lile bakuli akala yeye mwenyewe, taratibu, anasifia nazi, yule mtoto amekaa pembeni yake anamtazama. Dakika chache tu kakono kakaingia kwenye bakuli la bibi. Mtoto anajifunza kula kwa kumwona mtu anayempenda anakula kwa raha, hilo naliamini kuliko mbinu nyingine zote, kwa hiyo kama wewe mzazi mwenyewe hulipendi gimbi bora amlishe bibi, au shangazi, au dada wa nyumbani anayelipenda kweli.

Wanangu nimewasimulia pia stori ya Hawaii, na hii waliishika sana. Gimbi asili yake ni huko Asia ya kusini na kusini mashariki, likasafiri miaka mingi sana iliyopita, upande mmoja likavuka Bahari ya Hindi likafika huku kwetu, upande mwingine likabebwa na mabaharia kwenye ngalawa mpaka visiwa vya Pasifiki. Watu wa asili wa Hawaii wanasimulia kwamba mtoto wa kwanza wa Wākea, ambaye kwao ndo Baba wa Mbingu, na mama anayeitwa Hoʻohōkūkalani alizaliwa hana uhai, akazikwa, na pale kaburini likaota gimbi la kwanza, likaitwa Hāloa, alafu mtoto wa pili akazaliwa binadamu akapewa jina hilo hilo, na kutoka kwake wakatokea watu. Kwa hiyo kwao gimbi ni kaka mkubwa, linamlisha mdogo wake, na mdogo kazi yake ni kulitunza. Wanaliponda likiwa limeiva linakuwa uji mzito unaitwa poi, watoto wachanga wanalishwa, na desturi yao ni kwamba bakuli la poi likishafunuliwa mezani hakuna kugombana, hakuna maneno makali mpaka lifunikwe. Wa kwanza wangu aliposikia hivyo akaitangaza kuwa sheria ya nyumba yetu, bakuli la magimbi likiwa mezani hakuna kelele, na anamkumbusha mpaka baba yake. Kwangu imekuwa msaada mkubwa kwa sababu na mimi siwezi kumgombeza mtu ale.

Sasa upishi, na hapa nitakaa kidogo maana kila mtoto ana mlango wake.

Yule wa kati anayelalamikia utelezi, dawa yake ilikuwa kukaanga. Nachemsha kwanza mpaka yaive, nayaacha yapoe kabisa, ikiwezekana ya jana yake, nakata vipande virefu unene wa kidole, nakaanga kwenye mafuta ya moto sana mpaka nje kuwe na rangi ya dhahabu na kukauke. Utelezi wote unaisha, nje kunakuwa kukavu ndani laini, nanyunyuzia chumvi na ndimu. Watu wengine wanakata nyembamba mno wanakaanga bichi moja kwa moja zinakuwa krispi, ni tamu, ila kwa watoto mimi nataka niwe na uhakika limeiva kwa hiyo nachemsha kwanza siku zote. Kutoka kwenye ya kukaanga akahamia kwenye ya kuchemsha yaliyopakwa siagi kidogo, bila mimi kumwomba.

Mkubwa ni mtu wa katlesi. Gimbi la moto ukiliponda linanata kwa hiyo halihitaji unga, paka mafuta mikononi, changanya na kitunguu kilichokatwa ndogo ndogo, karoti ya kukwangua, giligilani, chumvi, ndimu, na samaki aliyechemshwa ukamchambua miiba vizuri, finyanga, chovya kwenye yai, kaanga. Hizi anabeba mpaka shule na kontena linarudi tupu, na wenzake darasani wanamuomba, kwa hiyo sasa kuna watoto wengine huko wanalijua gimbi kupitia katlesi za huyu.

Na ya nazi, hii ndo ya mama mkwe na mimi sina cha kuongeza, namfuata. Magimbi yanachemshwa yanaiva, maji yanamwagwa. Kitunguu, nyanya kidogo sana au usiweke kabisa, tui la pili lile jepesi linatangulia na chumvi, vipande vinachemkia humo polepole vinyonye, pilipili mbuzi moja nzima inaelea juu, isipasuke, inatoa harufu tu bila kuwaka, unaitoa kabla hujapakua cha watoto. Mwisho tui zito, hapo moto unapunguza na unakoroga taratibu upande mmoja, likichemka kwa nguvu linakatika na mafuta yanajitenga, na mchuzi uliokatika mtoto anauona na anaukataa kwa macho. Vichache unavipondaponda na mwiko humo humo ndani ya sufuria ili mchuzi uwe mzito. Kuna wanaopenda ya sukari na iliki, kwa kitinda mimba hiyo ya iliki ndo ilifungua njia, naweka sukari kiduchu tu, tui lenyewe lina utamu wake.

Kitu kimoja wazazi wenzangu tusijidanganye nacho. Gimbi ni chakula cha nguvu, gramu 100 za gimbi la kuchemsha zina kalori kama 140 na nyuzinyuzi kama gramu 5, ambazo kwa mtoto mwenye shida ya choo kigumu ni neema kubwa, na lina potasiamu ya kutosha, ila protini ni kama nusu gramu tu, yaani karibu na hamna. Kwa hiyo bakuli la magimbi peke yake, hata likiwa na nazi, halijamkamilishia mtoto mlo. Weka maharage, weka dagaa, yai, samaki, kunde, chochote cha aina hiyo. Kwetu Morogoro tulikula na maharage na Pemba wanaweka samaki, wazee walishajua.

Kwa mtoto mchanga, akishafika miezi sita na ameanza vyakula vingine, gimbi lililoiva sana linaweza kupondwa laini na maziwa ya mama au na mchuzi wa maharage. Liponde lote lisiwe na kipande, na liwe jepesi kidogo maana ule mnato unaweza kumkwama kooni. Siku ya kwanza mpe kijiko kimoja kimoja na usichanganye na chakula kingine kipya, ili likimletea vipele au kutapika ujue ni lenyewe. Na akianza kujifutafuta ulimi, kulia na mate kumtoka baada ya kula, acha pale pale, mpe maji au maziwa, midomo ikivimba au akipumua kwa shida usikae kutafuta dawa ya kienyeji, mpeleke hospitali.

La mwisho ni kupanda, na kama una hata ndoo mbovu uani fanya. Chukua kale kadogo kenye kichipukizi kanakotaka kuota, ndoo itoboe chini kidogo tu, udongo wenye mbolea, fukia kichipukizi kikiangalia juu, sehemu yenye kivuli cha mchana, na maji kila siku, huyu mmea anapenda unyevu. Majani yakishakuwa makubwa mpe mtoto kikombe cha maji amwagie juu ya jani. Maji hayalowanishi lile jani, yanajikusanya yanakuwa matone ya duara yanayobiringika huku na huku, ukiinamisha jani yanakimbilia chini yote na jani linabaki kavu, ni kwa sababu juu yake kuna nta na vinundu vidogo sana visivyoonekana. Wanangu walifanya hivyo mpaka maji ya ndoo ya kufulia yakaisha na sikuwakataza.

Waambie tu mapema kwamba jani bichi haliliwi na utomvu wake usiguse macho. Na hapo hapo uangalie na maua uliyopanda barazani, yale ya majani makubwa ya kijani yenye madoa meupe, Dieffenbachia, ni ukoo mmoja na gimbi na nayo yana sindano zile zile, ila yale hata upike hayaliwi. Mtoto akishafundishwa kwamba jani la gimbi linakuwa mboga anaweza kufikiri na lile la barazani ni hivyo hivyo, kwa hiyo mwonyeshe yote mawili kwa siku moja, hili letu, lile la kuangalia tu. Hata jani la gimbi lenyewe ukitaka kulipika mboga chukua changa, lichemshe muda mrefu, mwaga maji, ndo uunge na nazi.

Kuvuna sio haraka, hesabu miezi saba mpaka mwaka kutegemea na aina na maji. Majani yakianza kupungua ukubwa na ya nje yakawa ya njano, mwambie mtoto aingize mkono kwenye udongo pembeni ya shina apapase, akikuta vidogo vya ubavuni vimejaa mpindue ndoo mchimbue, kimoja mkirudishe kwenye udongo siku hiyo hiyo.